Kwao Sumbawanga, Lakini Insta Aliandika Mbeya

Watu wa Sumbawanga wakifika Dar huwa wanahama kimyakimya. Hawahami nyumba, wanahama mkoa. Ukimuuliza mtu "kwenu wapi?" anakujibu "Mbeya." Ukimbana, "Mbeya sehemu gani?" anaongeza, "mbele kidogo." Hiyo mbele kidogo ni safari ya zaidi ya kilomita 300.

Sababu kila mtu anaijua. Litaje tu hilo jina kwenye daladala au darasani chuoni, lazima atokee wa kudakia: "Umekuja na basi au na ungo?" Ukikopa hela kwa mtu wa huko, washkaji wanakushauri uilipe kabla ya saa sita usiku. Mitandaoni ndiyo usiseme. Radi ikipiga popote Tanzania, kuna mtu ataandika "Sumbawanga" chini ya posti, na watu mia mbili watacheka.

Kinachoshangaza ni kwamba jina lenyewe linasema kinyume. Kwa Kifipa, kama wenyewe wanavyoeleza, Sumbawanga ni "tupa uchawi". Yaani mgeni alikuwa anaambiwa mlangoni: kama umebeba mambo yako, yaache nje. Mji uliojiita kwa kukataa uchawi ndio umebebeshwa uchawi wa nchi nzima.

Sasa kuna binti mmoja aliyeishi "Mbeya" kwa miaka minne bila kuhamia. Jina lake linahifadhiwa, maana bibi yake hapendi mambo ya kuanikwa. Ni huyo bibi aliyemlea, kwenye kijiji kimoja cha Ufipa upande wa kuelekea Namanyere. Akasoma huko, akaenda Dar kwa mjomba, akamaliza chuo, akaanza kuuza nguo za mtumba za kuchagua kupitia Insta. Ukurasa ulikuwa na wafuasi elfu kadhaa na picha kali, na kwenye utambulisho aliandika "Mbeya – Dar". Hata rafiki yake waliyelala chumba kimoja hosteli hakujua kwao hasa ni wapi.

Mwaka 2017 akapata nafasi ya kwenda Ujerumani kupitia programu ya weltwärts. Kwa asiyeijua: Ujerumani iliianzisha mwaka 2008 ikiwapeleka vijana wake kujitolea katika nchi za kusini. Baada ya muda watu wakahoji, mbona safari ni ya upande mmoja? Kijana wa kule anakuja Tanzania kucheza na watoto wa chekechea, wa huku haendi popote. Mwaka 2013 ukafunguliwa mlango wa pili, na vijana wa huku wenye miaka 18 mpaka 28 nao wakaanza kwenda kule. Unapewa chumba, bima, hela ya mfukoni na mahali pa kujitolea: chekechea, nyumba ya wazee, shule.

Yeye alipangiwa chekechea, kwenye mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani ambao saa mbili usiku barabarani unakutana na paka tu. Baridi haikumsumbua sana, jambo lililowashangaza wenyeji wake. Walidhani Mwafrika yeyote akiona barafu anazimia. Hawakujua kwamba kwao ni uwanda wa juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi Julai watu wanaota moto asubuhi.

Hawakujua kwa sababu na wao aliwaambia ametoka Mbeya. Uongo ulisafiri naye kwenye ndege.

Mwezi wa Novemba ukumbi wa parokia ukaandaa jioni ya Tanzania. Watu kama sitini, keki mezani, projekta ukutani. Binti alijiandaa kweli. Akaonyesha Kilimanjaro, Serengeti, fukwe za Zanzibar, Wamasai wanaruka. Makofi mengi. Ulipofika wakati wa maswali akasimama mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli, akauliza kwa upole kabisa:

"Wewe mwenyewe umeshapanda huo mlima?"

Hajapanda. Hajawahi hata kufika mkoa wa Kilimanjaro.

"Na Zanzibar?"

Hajafika.

"Basi kwenu pakoje?"

Mzee hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu. Lakini yule binti, anayeweza kuongea saa nzima mubashara akiuza magauni, alikosa neno. Akasema kwao ni kijijini, hakuna kitu cha kuonyesha. Watu wakatabasamu, wakahamia kwenye keki.

Usiku ule akampigia bibi, kwa simu ya binamu yake, kama kawaida.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Akaeleza yote. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Yaani umeenda kuwaonyesha mlima wa Wachaga? Sasa Mchaga naye akienda huko awaonyeshe nini, kigoda changu?"

"Bibi, kwetu kuna nini cha kuonyesha?"

"Kwani shambani kwa babu yako, kule juu, kuna nini?"

"Kichuguu."

"Kile si kichuguu."

Hapo ndipo stori ilipogeuka. Kile alichokipanda utotoni akiamini ni kichuguu kikubwa kilikuwa ilungu, tanuri la kuyeyushia chuma. Wafipa walikuwa wahunzi wakubwa. Malungu yao yalikuwa marefu kuliko mtu, mengine kama mita tatu, na yalijengwa kwa ujanja: matundu ya chini yalivuta hewa yenyewe, hivyo hatua ya kwanza ya kuyeyusha haikuhitaji mivukuto. Baada ya hapo chuma kilisafishwa kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo mivukuto ilitumika. Yalitoka majembe, mashoka na mikuki, vikauzwa mbali. Majembe ya kiwandani yalipojaa madukani, moto ukazimika. Baadhi ya malungu bado yamesimama mashambani. Watafiti wamesafiri kuja kuyapima, huku mjukuu wa shamba akiyaita vichuguu.

Binti hakulala. Bando lilikuwa la bure, akaanza kuchimba.

Akakuta kwamba Kasanga, ile bandari ya Ziwa Tanganyika ambako bibi yake alipandia meli alipokuwa msichana, Wajerumani waliiita Bismarckburg. Na meli yenyewe, MV Liemba, ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa mpaka Dar, ikapandishwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kuingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, meli ya vita. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Meli aliyopanda bibi kwenda Kigoma ilitoka nchi ileile aliyomo mjukuu wake.

Akakuta habari za Dkt. Adrian Atiman. Jina hilo kila mtu wa Sumbawanga analijua, kwa sababu lipo kwenye hospitali, lakini wengi hawajui alikuwa nani. Alizaliwa huko mbali, upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Kabla hakujawa na programu yoyote yenye nembo na barua za mwaliko, Mwafrika wa magharibi alishakuja kuzeeka na watu wa ziwa hilo.

Halafu akakuta kitu kilichomfanya akae chini kabisa. Kuna Mwingereza, mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika vitabu kuhusu Wafipa, kimojawapo cha hadithi zao za kusimuliwa. Mwaka 1989 kilitoka kitabu cha wasomi kuhusu jamii za amani duniani, yeye akiwa mmoja wa wahariri wawili. Ndani yake kuna sura ya Willis kuhusu Ufipa, na swali lake ni hili: ilikuwaje watu hawa, ambao zamani walipigana kama wengine, wakageuka kuwa jamii isiyopenda kabisa kugombana?

Fikiria hapo. Dar, Sumbawanga ni kichekesho cha ungo. Kwenye maktaba za dunia, Ufipa ni fumbo la amani. Na mtoto wa Ufipa alisubiri kufika Ujerumani ndipo aambiwe.

Mwezi Aprili akaomba ukumbi tena. Safari hii hapakuwa na picha ya Kilimanjaro. Alianza kwa kusema, kwa Kijerumani chake cha kuungaunga, kwamba mara ya kwanza hakuwaambia ukweli: kwao si Mbeya. Akaonyesha picha ya ilungu aliyopigiwa na binamu. Akawafundisha salamu ya heshima ya kule, unapiga goti na makofi ya taratibu. Watoto wa chekechea waliokuja na wazazi wao wakaipenda, wiki nzima wakawa wanaingia darasani wanapiga magoti. Akacheza sauti aliyotumiwa na bibi: akina mama wanaimba nsimba, na chini yao kuna mvumo mzito kama wa ng'ombe dume. Mzee wa reli akauliza ni ngoma gani hiyo. Binti akamwambia si ngoma. Ni kigoda kinasuguliwa juu ya chungu.

Mwisho wa jioni mama mmoja akapitisha kofia ya michango "kwa watoto maskini wa Sumbawanga". Nia njema kabisa. Binti akasimama, akaomba ile kofia irudi. Akasema watoto wa kwao wana mahitaji, ndiyo, lakini hakuja kuomba. "Mkitaka kutoa, toeni nauli. Njooni mtuone." Ukumbi ukawa kimya kidogo. Wengine walinuna, na yule mama hakuongea naye kwa mwezi mzima.

Hapo panahitaji kusemwa kitu. Mambo ya miji dada hayakuanza jana. Marekani, Rais Eisenhower aliyapigia debe mwaka 1956, kwa wazo kwamba baada ya vita vikubwa watu wa kawaida wajuane wenyewe bila kusubiri mabalozi. Kwetu Mwanza ina uhusiano na Würzburg tangu mwaka 1966. Dar es Salaam ina Hamburg tangu 2010, Moshi ina Tübingen tangu 2014, Zanzibar ina Potsdam tangu 2017. Mtwara ina Redditch ya Uingereza, Arusha ina Durham ya Marekani. Majina yanayotajwa mara nyingi ni ya miji mikubwa, ya bahari, ya ziwa kubwa, ya mlima. Meya anasaini, picha inapigwa, bendera mbili ndogo zinawekwa mezani. Ila ukifuatilia ile inayodumu, utakuta nyuma ya saini kuna walimu, manesi, kwaya na akina mama waliopika. Saini bila hao ni karatasi.

Binti hakuwa na meya. Alikuwa na bibi na kikundi cha nsimba cha wanawake kumi na wanne.

Alirudi mwaka 2018. Julai ya 2019 wageni wakaja, watano, mzee wa reli akiwemo. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi. Kipande cha mwisho, Tunduma mpaka Sumbawanga, zamani kilikuwa mateso ya vumbi na matope mpaka kilipowekwa lami kwa fedha za Marekani. Walishuka stendi usiku wamevaa fulana na kaptula, kwa sababu mtu aliwaambia Afrika ni joto. Bibi aliwaangalia wanavyotetemeka, akawafunga vitenge mmoja baada ya mwingine kama watoto wachanga. Picha hiyo ipo, na mzee wa reli ameiweka ukutani kwake.

Lakini kabla hawajafika palikuwa pameshawaka. Kwenye mkutano wa kijiji kiongozi mmoja alisema wageni wa kimataifa hawawezi kulala kwenye nyumba za tope, wapelekwe gesti mjini, na kamati iundwe, na kamati iwe na posho. Mama mmoja akauliza, "Na sisi tutapata nini?" Swali la haki, maana walishaona miradi inakuja, inapiga picha, inaondoka. Bibi akajibu: "Mgeni ukimlaza gesti, utamjulia wapi? Walale kwetu. Wakiona panavuja, wameona." Wakapiga kura kwa mikono. Wageni wakalala kijijini. Mbu waliwauma, walikula ugali wa ulezi na maharage siku saba mfululizo, na mmoja alionja kimpumu akalala kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Halafu kijana mmoja wa mjini, mwenye wafuasi wengi, akaposti picha yao wamezunguka kigoda na chungu usiku. Akaandika: "Wazungu wametua Sumbawanga kuchukua kozi ya ungo." Ikasambaa nchi nzima. Wateja wa nguo wakaanza kumuuliza binti kwenye ukurasa wake, na hii nguo imefanyiwa dawa? Rafiki wa hosteli akamtumia ujumbe: "Kumbe wewe ni wa huko? Miaka yote umenificha?" Usiku huo binti alilia, na si kwa ajili ya wateja.

Wageni nao waliiona ile posti, siku hizi kila simu inatafsiri. Kesho yake jioni, wakiwa jikoni, mmoja akauliza moja kwa moja, binti akitafsiri huku anatamani ardhi ipasuke: je, ni kweli kuna wachawi hapa?

Bibi hakukasirika. Akasogeza kuni, moshi ukapanda, akajifuta macho.

"Yaangalie macho yangu," akasema. "Mekundu. Nimepika kwa kuni tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa na rafiki, macho yake kama haya. Mtoto wa jirani alikufa kwa homa, watu wakasema ni yeye. Walikuja usiku. Akakimbia na kanga moja, hakurudi tena. Wewe unaniuliza kama kuna wachawi. Mimi ninachojua ni kwamba kuna wanaotafuta wa kumsingizia. Na jina la mji wetu linasema tupa."

Jikoni pakawa kimya. Hata binti alikuwa hajawahi kuisikia habari ya yule rafiki.

Hilo ndilo ambalo wanaocheka mtandaoni hawalifikirii. Tanzania hii wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa sababu ya macho mekundu na minong'ono. Utani wa ungo unaonekana mdogo ukiwa Sinza na simu mkononi. Ukishuka nao kijijini, unamkuta bibi kizee anayeishi peke yake na mlango usiofungika vizuri. Kila "hahaha" inaongeza uzito upande wa wale wanaokuja usiku.

Asubuhi yake binti akarekodi video ya dakika tatu. Hakutukana mtu. Alisimama kando ya ilungu, akasema kwao ni Sumbawanga, akaeleza tanuri ni nini, akaeleza jina la mji lina maana gani, akasimulia habari ya mama aliyekimbia na kanga moja bila kumtaja. Mwisho akasema: "Mkitaka kucheka, chekeni mkijua." Haikusambaa kama ile ya ungo, ukweli usemwe. Ila vijana wa Rukwa walioko Dar, Arusha na Dodoma wakaanza kujitokeza. Mmoja akaandika, "Na mimi si wa Mbeya." Mwingine, "Mimi pia." Wakafika zaidi ya sabini.

Wageni waliporudi kwao wakatuma mwaliko: watu wanane wa kikundi waende mwaka 2020. Barua ikapita ofisini kwa mkubwa mmoja ili igongwe muhuri. Ilipotoka, orodha ilikuwa bado na majina manane, lakini ya wanakikundi yalibaki matatu. Mengine yalikuwa ya mpwa wa fulani, mke wa fulani, na kijana mmoja ambaye hajawahi kugusa kigoda isipokuwa kukalia.

Mchezo huu watu wa vikundi vya ngoma wanaujua kote nchini. Kawaida mnanyamaza, mnashukuru hao watatu. Wale akina mama hawakunyamaza. Walikaa siku mbili, wakaandika barua yao wenyewe: ama waende waliochaguliwa na kikundi, ama asiende mtu, na kigoda kibaki nyumbani. Wote kumi na wanne wakaweka sahihi, watatu kwa dole gumba. Wakaambiwa wanakosea heshima, wanachezea bahati. Bibi akasema bahati ya kuibiwa si bahati.

Kabla majibu hayajatoka ikaja corona. Mipaka ikafungwa, barua zote mbili zikawa makaratasi. Kilichobaki ni grupu la WhatsApp. Kwa miaka mitatu lilikuwa la salamu tu: picha za mahindi, picha za barafu, mzee wa reli akiwa hospitali, akina mama wakimuimbia kwa sauti ya simu. Hakukuwa na bajeti wala mradi. Pengine ndiyo maana halikufa.

Mwaka 2023 mwaliko ukaja upya, na safari hii kila mtu ametajwa kwa jina. Watano walipata viza, watatu walikataliwa. Bibi hakufika hata kwenye foleni ya viza, kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na bila hicho pasipoti ilikwama. Akatuma kigoda chake. Chungu hakikubebwa kwa kuogopa kitapasuka, hivyo mfinyanzi wa kule akawatengenezea kingine kwa udongo wa kwao. Akina mama walipokisugua mara ya kwanza sauti ilitoka nyembamba, wakacheka. Mfinyanzi akafinyanga cha pili, kinene zaidi. Cha tatu kikavuma. Mzee wa reli, sasa kwa fimbo, alikaa mstari wa mbele.

Sumbawanga na mji ule hawajasaini chochote mpaka leo. Hakuna bendera mbili mezani. Kuna kigoda kimoja cha Ufipa kimebaki kule juu ya chungu cha kule, na kila mwaka watoto wa chekechea wanafundishwa kukisugua na mtu anayejua kilikotoka.

Bibi naye hajakata tamaa. Mwaka uliofuata alikula kiapo cha kuzaliwa, akapata kitambulisho cha taifa, akapanda basi mpaka mjini kwenda Uhamiaji. Afisa kijana alimpokea kwa "shikamoo bibi", akaanza kujaza fomu. Umezaliwa lini? Bibi akasema ule mwaka nzige wekundu walipokwisha. Kijana akatazama kiapo, akaandika 1944. Akaendelea chini, akafika kwenye madhumuni ya safari.

"Unaenda kufanya nini huko, bibi?"

"Kuangalia kama wanakisugua vizuri."